Pumzi na Kigugumizi: Somo kwa Mwenye Kukwama na kwa Anayemsikiliza

Mkazi anayefika kwenye dirisha la zahanati huulizwa kwanza jina lake. Kwa wengi wetu swali hilo ni jepesi kuliko yote. Kwa mwenye kigugumizi, jina lake mwenyewe aghalabu ndilo neno gumu kuliko yote, kwa kuwa halina neno jingine la kushika nafasi yake, na kwa kuwa nyuma yake imesimama foleni inayosubiri. Wapo wanaotaja jina la ukoo badala ya jina lao la kwanza kwa sababu hilo la pili hutoka kwa wepesi. Kadi huandikwa hivyo, na miezi michache baadaye kumbukumbu zao hazipatani. Wapo wanaokwenda na mtoto ili awasemee. Wapo wanaogeuka na kurudi nyumbani bila kutibiwa. Somo hili limeandaliwa kwa ajili yao, na pia kwa ajili ya wale wanaokaa upande wa pili wa dirisha.

Hali yenyewe

Kigugumizi kisichanganywe na kithembe. Mwenye kithembe hutamka baadhi ya sauti kwa namna isiyo ya kawaida, kama vile kuitamka s ikakaribia th, lakini maneno yake hutiririka. Kigugumizi ni kukatika kwa mtiririko wenyewe. Msemaji analijua neno analolitaka, amelipanga akilini, na hata hivyo halitoki. Pengine hurudia silabi ya kwanza: “ba-ba-ba-barabara.” Pengine huivuta sauti: “ssssokoni.” Pengine huziba kabisa, midomo ikiwa imekwisha kukaa tayari kwa neno, lakini hewa wala sauti haitoki. Kufumba macho, kutikisa kichwa, kukunja ngumi au kupigapiga mguu si kigugumizi chenyewe. Ni mbinu ambazo mwili umejifunza ukitafuta kujinasua, nazo kwa kawaida hazinasui.

Inakadiriwa kwamba mtu mmoja katika kila 100 ana kigugumizi. Miongoni mwa watoto wadogo idadi ni kubwa zaidi: karibu 5 katika kila 100 hupita katika hali hiyo, hasa kati ya umri wa miaka 2 na 5, na takriban watatu katika kila wanne kati yao hupona wenyewe. Wanaobaki nacho ukubwani wengi ni wanaume. Kigugumizi hufuata damu: mwenye nacho mara nyingi ana mjomba, baba au ndugu aliyewahi kuwa nacho. Uchunguzi wa ubongo umeonyesha tofauti ndogo katika sehemu zinazopanga mwendo na wakati wa misuli ya usemi. Hofu haikizai kigugumizi, ingawa hukizidisha. Na akili ya mwenye kigugumizi haina upungufu wowote.

Haya yanasemwa kwa msisitizo kwa sababu maelezo mengine yamezoeleka zaidi. Wapo wasemao mtoto ametekenywa mno, au amemwiga mtu aliyemcheka. Hakuna ukweli katika hayo. Lipo pia jambo la kukata kimeo, ambalo baadhi ya wazazi bado hulikimbilia kila mtoto anapokuwa na tatizo la koo au la kusema. Kimeo hakina sehemu katika kigugumizi, na kukikata kwa wembe wa nyumbani kunaweza kuleta kutokwa na damu nyingi na maambukizi ya hatari. Wala kosa la kutafuta dawa kwenye kisu si la vijijini kwetu peke yake. Mwaka 1841, daktari mpasuaji mashuhuri wa Berlin, Johann Friedrich Dieffenbach, alikata kipande cha shina la ulimi wa wagonjwa wenye kigugumizi akiamini kwamba atawaponya, na madaktari wengine wa Ulaya wakamfuata. Upasuaji huo ukaachwa upesi, kwa kuwa ulijeruhi na haukuponya. Ulimi wa mwenye kigugumizi hauna kasoro.

Wasomaji wa Biblia na wa Kurani wanakumbuka kwamba Nabii Musa anatajwa kuwa na uzito wa kusema, na kwamba nduguye Haruni aliwekwa kuwa msaidizi wake. Uzito huo haukumzuia kutumwa.

Pumzi inavyobeba sauti

Sauti ya binadamu husafiri juu ya hewa itokayo. Chini ya mapafu umetandazwa msuli mpana uitwao kiwambo. Unapojikaza hushuka, mapafu hupanuka, hewa huingia, na tumbo husukumwa mbele kidogo. Unapolegea hupanda, na hewa hutoka. Hewa hiyo ikipita kooni hukutana na nyuzi za sauti, ambazo hukaribiana kwa wepesi na kutetemeshwa nayo. Ndipo sauti inapozaliwa, kisha ulimi na midomo huigeuza kuwa maneno. Mtu akiwa kimya, muda wa kuvuta pumzi na muda wa kuitoa hukaribia kulingana. Akisema, mpango hubadilika: huvuta kwa haraka na kuitoa polepole, kidogo kidogo, kwa kadiri ya urefu wa maneno yake. Wengi wetu hufanya hivyo maisha yetu yote bila kufahamu.

Mtu anapokwama, mpango huo huvurugika kwa namna kadhaa. Aghalabu huishikilia pumzi: nyuzi za sauti hujibana kama mlango uliotiwa komeo, huku kifua kikisukuma kutoka chini. Mwingine huanza kusema baada ya hewa yake karibu yote kwisha kutoka, akalazimika kukamua maneno kutoka kwenye mabaki. Mwingine huvuta pumzi kubwa mno kwa kuinua mabega, kifua na shingo vikakakamaa, na kwa ukakamavu huo huo akaingia kwenye neno. Mfano wake ni mpira wa kumwagilia bustani uliokunjika katikati. Anayefungua koki zaidi hapati maji mengi zaidi. Anauongezea mpira mkazo tu. Dawa yake ni kuukunjua.

Hapa ndipo tunapoona kwa nini ushauri uliozoeleka sana, “Tulia, vuta pumzi,” haumsaidii aliyekwama. Aliyeziba tayari ana hewa kifuani. Anachokosa ni njia ya kuitoa. Akitii na kuvuta nyingine, anajaza juu ya iliyojaa. Tena ushauri huo humweleza, mbele za watu, kwamba wote wameona. Kazi ya pumzi katika kigugumizi imo zaidi katika kuitoa kuliko katika kuivuta, na mazoezi yanayofuata yamejengwa juu ya msingi huo. Yanawafaa vijana na watu wazima. Watoto wadogo wanazungumziwa mbele kidogo.

Mazoezi

Zoezi la tumbo ndilo la kuanzia. Lala chali juu ya mkeka, mkono mmoja juu ya kifua na mwingine juu ya kitovu. Vuta hewa kwa pua, kwa kadiri ya kawaida tu, huku ukiuangalia mkono wa chini ukipanda na ule wa juu ukikaa bila kusogea. Kisha iache hewa itoke kwa mdomo uliofunguka kidogo, bila kuisukuma, kwa muda unaokaribia mara mbili ya ule wa kuvuta. Dakika tano asubuhi na tano kabla ya kulala zinatosha. Baada ya siku kadhaa fanya ukiwa umeketi, kisha ukiwa umesimama, kisha ukitembea. Ukisikia kizunguzungu au ganzi kwenye vidole, unavuta mno au upesi mno. Acha, pumua kawaida, na safari nyingine upunguze. Mwenye pumu au maradhi ya moyo na amwulize mhudumu wa afya kabla ya kuanza.

Zoezi hilo halifundishi kusema. Linaufundisha mwili kutokuinua mabega. Zoezi la pili ndilo lenye uzito zaidi, nalo ni hewa itangulie sauti. Baada ya kuvuta pumzi ya kawaida, usiishikilie hata kwa nukta moja. Iache ianze kutoka, isikike kama mtu anayepuliza kioo ili akifute, na sauti ipande juu ya hewa ambayo tayari iko safarini. Nyuzi za sauti zinazokutwa na hewa inayotembea hufunga kwa upole. Zinazokutwa na hewa iliyosimama huweza kubana.

Lugha yetu imetuandalia maneno mazuri ya kuanzia. Sauti h si kingine ila hewa itokayo, na Kiswahili kimeiweka mlangoni mwa maneno ya kila siku: hodi, habari, hujambo, haya, hapana, hakika. Anza na hayo. Sema “hodi” mara kumi, kila mara ukiirefusha h kidogo kabla ya irabu, na usikilize jinsi sauti inavyoingia bila kugonga. Kisha nenda kwenye maneno yaanzayo na irabu, ambayo huwatesa wengi: asante, asubuhi, elfu, ugali. Yatamke mwanzoni kana kwamba yana h ndogo mbele: “hasubuhi.” Siku zinazofuata punguza h hiyo, mpaka anayekusikiliza asiisikie ila wewe mwenyewe uihisi. Mwenye jina la Asha, Omari au Elizabeti na alifanyie kazi jina lake kwa njia hiyo, akiwa peke yake, mara nyingi, hadi kinywa kilizoee.

Maneno yaanzayo kwa p, b, t, d, k na g yana tabia nyingine. Sauti hizi hutokea kwa kuziba hewa kabisa kisha kuiachilia ghafla, hivyo mwenye kuziba huzibia hapo hapo. Usikaze midomo unaposema “baba.” Midomo iguse tu, kama mtu anayeshika yai, na iachane mara moja. Katika “karani,” nyuma ya ulimi iguse kaakaa kwa wepesi huo huo. Maneno yaanzayo na m, kama mtoto, mchele na mkutano, yana faraja yake: wakati wa m hewa hupita puani, kwa hiyo mtu anaweza kuvumisha m hiyo kwa sauti ya chini, bila haraka, mpaka silabi inayofuata iwe tayari.

La tatu ni kupima maneno kwa pumzi. Mwenye kigugumizi akiona ameanza kusema bila kukwama, hutaka kumaliza yote kabla bahati haijamwacha, na matokeo yake ni kuishiwa hewa katikati ya sentensi. Kiswahili chenyewe kinazidisha jambo hili, kwani neno kama “hatutawafikishia” ni sentensi nzima. Kata maneno yako vipande. Mtu anayetaka kusema, “Naomba kumwona daktari, mtoto wangu ana homa tangu juzi usiku,” na aseme: naomba kumwona daktari, asimame, hewa iingie yenyewe, mtoto wangu ana homa, asimame tena, tangu juzi usiku. Msikilizaji haoni udhaifu katika mapumziko hayo. Husikia mtu anayesema kwa makini.

Mfalme na mwalimu wake

Wazee wetu waliotumia shilingi ya Afrika Mashariki ya wakati wa ukoloni wanaikumbuka sura ya Mfalme George wa Sita wa Uingereza iliyochorwa juu yake. Huenda wachache walijua kwamba mwenye sura ile alikuwa na kigugumizi kikali tangu utotoni. Tarehe 31 Oktoba 1925, akiwa bado mwana wa mfalme, alihutubia wakati wa kufungwa kwa maonyesho makubwa ya dola ya Uingereza huko Wembley, London. Ilikuwa taabu kwake na kwa waliomsikiliza. Mwaka uliofuata alianza kumwendea Lionel Logue, mwalimu wa usemi kutoka Australia. Logue hakuwa daktari. Ujuzi wake aliupata kwa kufundisha watu kusoma na kuhutubia, na kwa kuwasaidia askari waliorudi kutoka Vita Kuu ya Kwanza wakiwa na matatizo ya sauti.

Logue alianza na kiwambo. Alimpa mazoezi ya pumzi ya kila siku, na mwanafunzi wake akayafanya kwa bidii, kwani hapakuwa na miujiza iliyoahidiwa. Mei 1927 alifungua Bunge la Australia mjini Canberra, na hotuba yake ikaenda vizuri. Alitawazwa tarehe 12 Mei 1937. Tarehe 3 Septemba 1939, siku Uingereza ilipoingia vitani na Ujerumani, ilimpasa kuzungumza na dola nzima kwa redio, naye Logue alisimama pamoja naye chumbani. Kabla ya hotuba, Logue alikuwa akiipitia karatasi na kutia mistari mahali pa kupumzika, na kubadili maneno ambayo alijua yatamkwamisha. Rekodi za hotuba hizo zipo hadi leo. Anayezisikiliza husikia mapumziko marefu na mwendo wa polepole. Hasikii mtu aliyepona. Mfalme alibaki na kigugumizi chake, akafanya kazi yake nacho.

Kutoka kwa Logue tunaweza kuchukua penseli. Mwenyekiti wa kitongoji anayelazimika kusoma taarifa mbele ya mkutano, mwanafunzi aliyepangiwa kusoma risala, au msomaji wa somo kanisani, na aitie karatasi yake mistari mapema, kila mstari ukiwa mahali pa pumzi. Kubadili maneno, hata hivyo, kuna mpaka wake. Katika hotuba ya mara moja si vibaya. Katika mazungumzo ya kila siku, mtu anayekwepa kila neno gumu huishia kusema mambo asiyoyakusudia: akitaka kununua kitunguu, anarudi na nyanya kwa kuwa k ilimshinda.

Ukiwa umeshakwama

Hakuna zoezi litakalozuia kila kukwama, na ni vyema mtu ajue la kufanya anapokuwa katikati ya jambo lenyewe. Charles Van Riper, mwanazuoni wa Marekani aliyekuwa na kigugumizi mwenyewe na aliyekishughulikia kwa miongo mingi, alifundisha watu kukwama kwa wepesi. Neno likishatoka kwa shida, simama kidogo, legeza koo, lirudie kwa upole, kisha uendelee. Hiyo ni hatua ya kwanza. Ukishaizoea, jaribu kulegeza ukiwa ndani ya neno lenyewe: acha kusukuma, iache hewa iliyobanwa itoke taratibu, kisha uitelezeshe sauti iliyobaki. Mwisho, ukiliona neno gumu linakuja, jiandae kabla hujalifikia, kwa hewa itangulie na mguso mwepesi. Wengi hutaka kuanzia hapo mwisho. Aliyefuata mpangilio huu hufika akiwa na la kutegemea linapomshinda.

Mazoezi haya yahamishwe ngazi kwa ngazi. Kwanza peke yako, kisha na mtu wa nyumbani unayemwamini, kisha na jirani, kisha dukani, kisha kwa simu, na mkutano wa hadhara mwisho. Maamkizi yetu marefu ni uwanja mzuri wa mazoezi, kwa kuwa maneno yake yanajulikana na hakuna anayeyaharakisha. Anayeamkia watu watano njiani kwa hewa itangulie amefanya zoezi kamili kabla ya kufika shambani.

Ukweli lazima usemwe: mazoezi ya pumzi peke yake hayaondoi kigugumizi. Chanzo chake kiko katika upangaji wa ubongo, wala si kifuani. Tena namna yoyote mpya ya kusema hupunguza kukwama kwa siku au wiki za mwanzo kwa sababu ya upya wake, kisha faida hiyo ikapungua, na mtu akadhani ameshindwa. Vilevile pumzi yenyewe inaweza kugeuka kuwa tabia nyingine ya kujinasua: wapo ambao, baada ya kufundishwa vibaya, hawasemi neno bila kuhema kwanza kwa nguvu. Kipimo kizuri cha maendeleo ni haya: je, nimesema nilichokusudia, kwa mkazo mdogo kuliko jana, na nimekwenda mahali ambako nilikuwa sifiki? Anayemwuzia mwenye kigugumizi dawa ya kumponya kabisa kwa siku saba anamwibia.

Kwaya, na mtoto darasani

Jambo moja huwashangaza wazazi wengi: mtoto anayekwama katika kila sentensi huimba kwaya au kaswida bila kukwama hata mara moja. Si kwamba anajisingizia. Katika wimbo mapigo yamekwisha kupangwa, sauti huendelea bila kukatwakatwa, maneno yanajulikana, na pumzi ina mahali pake. Kusema kwa pamoja na wengine nako huleta wepesi huo huo. Ndiyo maana mtoto husoma vizuri darasa zima linaposoma kwa sauti moja, kisha akaziba anaposimamishwa peke yake. Mwalimu asiyelijua hili huweza kudhani ni uvivu au ukaidi, na mtoto akaadhibiwa kwa jambo ambalo hakulichagua. Mtoto aliyeadhibiwa hivyo hujifunza jambo moja tu, nalo ni kunyamaza. Na mtoto aliyenyamaza hupewa alama za asiyejua.

Mwalimu ana njia rahisi. Amsomeshe pamoja na mwenzake mmoja, wawili kwa sauti moja, kisha mwenzake apunguze sauti taratibu. Amwite mapema badala ya kumwacha ahesabu viti kwa hofu mpaka zamu yake ifike. Ampe nafasi ya kujibu kwa kuandika inapobidi, lakini asimwondoe kabisa katika kusema, kwani huko ni kumfungia mlango kwa jina la huruma. Na mzaha wa wenzake aukomeshe mwalimu mwenyewe, siku ya kwanza.

Kwa mtoto wa miaka miwili, mitatu au minne, msimfundishe mbinu za pumzi. Bado hajaweza kuzisimamia, na atajifunza tu kwamba kusema kwake kuna kasoro. Mbadilike ninyi. Mzazi apunguze mwendo wa maneno yake mwenyewe, aache kimya kidogo kabla ya kujibu, aulize swali moja badala ya matatu, na ampe mtoto dakika tano kila siku ambazo hakuna simu wala ndugu anayemkatiza. Amtazame usoni na asikilize anachosema, bila kuhesabu jinsi anavyokisema. Mtoto akisema mwenyewe, “Mama, neno limekataa,” ajibiwe kwa upole: “Ndiyo mwanangu, mara nyingine maneno hukwama. Nakusikiliza.” Kujifanya hujasikia hakumlindi.

Dirishani

Tuseme kijana wa miaka ishirini amefika kituo cha afya. “Shikamoo, mama.” “Marahaba, mwanangu. Jina lako nani?” Kijana anafungua kinywa na jina halitoki. Nukta tano hupita, na nukta tano za kimya dirishani ni ndefu. Mhudumu mmoja atasema, “Sema basi, watu wanasubiri,” au atakisia: “Juma? Jumanne? Juliasi?” Kila anapokisia, kijana hulazimika kuacha kazi ya kulitoa jina lake ili atikise kichwa, kisha aanze upya. Mhudumu mwingine atabaki anamtazama kwa uso wa kawaida, bila kuinamia daftari wala kugeukia foleni. Jina litatoka. Ataliandika kama lilivyotamkwa, alirudie ili kuhakikisha, na kuendelea na swali linalofuata kwa mwendo wa utulivu. Huyu wa pili kwa kawaida humaliza mapema kuliko wa kwanza.

Asimalizie maneno ya mtu. Asicheke kwa kudhani anamtuliza. Karatasi na kalamu vikiwapo dirishani kwa wote, mwenye kuvihitaji atavichukua bila kuombwa wala kutajwa. Kumsukumia karatasi mtu anayepigania neno ni kumwambia anyamaze. Kwenye simu, ambako uso hauonekani, kimya kisichukuliwe kuwa simu imekatika. Ngoja kidogo, useme “Nipo,” na ungoje tena. Na anayeletwa na mtoto wake ili amsemee, aulizwe yeye kwanza.

Kwa upande wake, mwenye kigugumizi anaweza kutangulia kwa kusema, “Nina kigugumizi, naomba univumilie kidogo.” Sentensi hiyo ina faida isiyotarajiwa. Sehemu kubwa ya mkazo wa mwenye kigugumizi hutokana na juhudi ya kukificha. Kilichokwisha kutajwa hakifichwi tena, na pumzi huwa nyepesi.

Mahali pa kuanzia

Wataalamu wa tiba ya usemi ni wachache nchini, na wengi wao wako katika hospitali kubwa za mijini. Njia ya kuwafikia ni ile ile ya rufaa: anza zahanati au kituo cha afya cha kata yako, ueleze tatizo lilianza lini na linavyokwenda, na uombe ushauri wa kupelekwa mbele. Mwalimu mwenye mafunzo ya elimu maalumu shuleni na afisa ustawi wa jamii ni wa kuonwa pia, hasa pale mtoto anapokataa kwenda shule. Yaandike mapema mambo unayotaka kuyaeleza. Rekodi fupi ya sauti ya mtoto akizungumza nyumbani, iliyochukuliwa kwa simu, humsaidia mhudumu kuliko maelezo marefu, kwa sababu kigugumizi hupanda na kushuka, na siku ya kuonwa mtoto huweza kusema vizuri kabisa.

Mtoto ambaye kigugumizi chake kimepita miezi sita bila kupungua, au kilichoanza baada ya miaka mitatu na nusu, au aliye na ndugu wa karibu aliyebaki nacho ukubwani, asisubiriwe akue. Vivyo hivyo mtoto anayekaza uso au anayeanza kukwepa kusema. Na mtu mzima ambaye hakuwa na kigugumizi maisha yake yote, kisha maneno yakaanza kukwama ghafla, hasa kama upande mmoja wa uso umeshuka, mkono umekosa nguvu au aliumia kichwa, huyo hahitaji mazoezi ya pumzi. Huenda ni kiharusi, na apelekwe hospitali saa hiyo hiyo.